Midomo ya Mama Mwadi

Harufu ya mafuta ya cherehani hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu waliokulia Lubumbashi watakwambia kwamba kilichowakaa puani ni moshi wa bomba kubwa la kiwanda, ule uliotushukia kambini kila upepo ulipogeuka, ukatukohoza wakubwa kwa wadogo. Mimi moshi nilishausamehe. Ni yale mafuta, yakichanganyika na harufu ya vitambaa vipya vya vikwembe na ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa ikichemka chumba cha pili, yanayonirudisha kwenye nyumba ya mafunzo ya akina mama, kiangazi kile baada ya vita vya upande wa Kolwezi, nilipokuwa bado mtoto wa kukaa sakafuni na kuokota vipande vya vitambaa.

Vita havikufika kwetu kwa risasi, vilifika kwa maswali. Askari walizunguka kambi ya wafanyakazi wa shaba mchana kweupe, wakitafuta waliosikiliza redio ya waasi. Kusema kweli, kila mwenye redio alisikiliza, na aliyeipandisha sauti kuliko wote alikuwa mume wa Mama Mwadi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Siku walipofika kwetu nilikuwa mlangoni nachambua maharagwe. Askari alimsimamisha Mama Mwadi akitoka bombani, beseni la maji kichwani, mikono yote miwili imelishika, akamwuliza redio hiyo inalia nyumba gani. Mama Mwadi hakutoa sauti. Alichomoza midomo kuelekea mlango wetu, kama sote tunavyofanya tukimwelekeza mtu njia, au kijiko kilipo, au mtoto aliyevunja kikombe. Baba alitolewa na kandambili miguuni, akapandishwa lori lililoshika njia ya uwanja wa ndege wa Luano. Hatukumwona tena. Nilimweleza mama nilichokiona, na Mama Mwadi akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba mtoto ni mwongo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakutuambia tumfanye nini tukishamjua.

Vita vilipokwisha, wanawake wa kambi walikuwa hawasalimiani tena, na bombani walipigana kwa ndoo. Ndipo akaletwa Sitwayeni Ngalula kutoka mjini. Enzi hizo kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, apende asipende. Aliwafundisha kushona, kuendesha biashara ndogo, kusema mbele ya wanaume bila kuinamisha kichwa, na kila jioni aliwaketisha katika duara watoe maneno yaliyowakwama moyoni. Alikuwa mwanamke mwema, nakubali, lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliwapanga mahasimu wawili wawili, kila jozi na cherehani yake, na ahadi ikawa hii: siku ya mwisho, watakaopatana mbele ya wote wataichukua iwe mali yao kwa pamoja. Mama alipangwa na Mama Mwadi, na watu walidhani atakataa. Hakukataa. Wakasema basi anafuata cherehani, maana hatukuwa na wa kutulisha. Hawakumjua mama yangu. Alitaka jambo moja tu: mwanamke yule akiri, watu wakisikia, kwamba ndiye aliyemtoa baba. Kiangazi kizima mmoja alizungusha gurudumu na mwingine akashika kitambaa, na mama alizungumza naye kwa upole uliokuwa ukiniogopesha.

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Sitwayeni Ngalula alimwomba mama aanze.

"Miye niko tayari kusamehe," mama akasema. "Lakini aseme kwanza kitu alifanya."

Mama Mwadi alikuwa amesimama, ameitandaza mbele ya watu libaya, blauzi waliyoishona pamoja, kila mkono wake umeshika bega moja la vazi. "Mbele ya Mungu," akasema, "miye sikusema hata neno moja kwa basoda. Na mukono yangu sikuinua. Munanisingizia bure!"

Yote yalikuwa kweli: askari hakuambiwa neno, wala mkono haukuinuliwa. Wanawake wakaanza kutikisa vichwa kwa kumwonea huruma, na mimi pale sakafuni nilitamani kumwuma mguu. Mama hakubisha. Alishika uzi uliobaki ukining'inia shingoni mwa libaya, akauliza kwa sauti ya kazi ya kila siku, "Bon, tukate huu uzi. Makasi iko wapi?"

Mama Mwadi, mikono yake imejaa, akachomoza midomo kuelekea mezani.

"Bamama, munaona?" mama akasema. "Njo vile alionyesha bwana yangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Mama Mwadi alijifunika kinywa kwa ile libaya, akaketi chini, kisha kilio kikamtoka. "Radio ya bwana yangu ilikuwa inalia mule ndani! Ningefanya nini? Bangebeba wangu!"

"Njo ukabebesha wangu," mama akamjibu.

Sitwayeni Ngalula alijaribu kuwashikanisha mikono. Mama aliiweka yake mgongoni. Cherehani tukaikosa, na mama akarudi nyumbani akiimba. Alishona kwa sindano ya mkono, akauza mikate ya kukaanga, mpaka akanunua cherehani yake asiyoshiriki na mtu. Bombani, Mama Mwadi alipotokea, hakuna aliyemtukana. Walimchomozea midomo tu, wote kwa pamoja, na katika watoto mimi nilikuwa wa kwanza. Wala sijutii. Kabla mvua hazijaanza, familia yake ilihamia Lukafu kulima, na siku walipofunga mizigo nilicheza ngoma uani peke yangu.

Leo kazi yangu ni hiyo hiyo ya Sitwayeni Ngalula. Nawafundisha wanawake waliokimbia vita vingine, katika kumbi za hoteli, kwenye chupa za maji na karatasi kubwa zilizobandikwa ukutani. Tuna chakula cha mchana na vyeti, mambo ambayo akina mama wa kambi hawakuyaota. Lakini sasa msamaha tunautaja asubuhi, kabla mtu hajasema nani alimfanyia nani nini, na jioni kila mtu huenda zake na mzigo wake. Mama alikufa bila kujua baba amelala wapi. Mwezi uliopita, wakati wa mapumziko, mwanamke mmoja wa mafunzo alinifuata pembeni. Alikuwa Mwadi mwenyewe, binti wa yule jirani yetu.

"Yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "mama iko mugonjwa sana. Anakuomba pardon."

"Aniambie walimpeleka baba wapi."

"Hajue, yaya. Kweli ya Mungu, hajue."

"Basi aendelee kuomba."

Nikagonga meza, watu wakarudi vitini, tukaendelea na somo la msamaha.