Paswadi Katika Daftari la Ami Aidarus

Nusu ya mtaa wa Kuze ilikuwa imo ndani ya daftari la Ami Aidarus, naye alijivunia jambo hilo kuliko alivyostahili. Alikuwa na kiduka cha kompyuta mbili na printa moja, akiwaandikia watu barua, maombi ya pasipoti na karatasi za safari ya hija. Aliyetaka barua pepe alifunguliwa na yeye. Ikifika pa kuchagua paswadi, akina mama wengi walimwambia, "Niwekea weye, ami, mimi 'ntasahau." Basi akaziandika zote katika daftari la jalada la kijani, akalifungia katika mtoto wa meza. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyelalamika, na sifa za watu zikampanda kichwani.

Ndipo Saif alipomjia. Saif na mkewe Lamis walikuwa wameachana, na kesi ya nani akae na binti yao Fairuz, wa miaka saba, ilikuwa katika mahakama ya watoto. Saif alimtaka mtoto, ila hakuwa na la kusema dhidi ya mamake.

"Ami, weye ndiwe shahidi wa nikaha yangu," alisema, akiushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. "Lamis ataka kumtorosha mwanangu kwa dadake Maskati. Waandikiana, najua. Na paswadi yake unayo weye."

Mtu mwenye akili timamu angemwonyesha mlango. Aidarus, kwa kupenda kuonekana mtu mkubwa, alitoa daftari. Paswadi ya Lamis ilikuwa jina la Fairuz na mwaka aliozaliwa. Mzee akaingia, akasoma, na wala hakusoma habari za Maskati peke yake. Alisoma yote, mpaka yale ambayo mwanamke humlilia dadake tu, na alipomaliza masikio yalikuwa yanamwaka kwa haya. Hata hivyo akachapisha.

Katika karatasi moja Lamis aliandika, "Siku nyengine natamani nimchukue mwanangu nije huko, nisirudi tena." Sentensi iliyofuata ilikuwa juu ya ukurasa wa pili: "Lakini siwezi kumtenga na babake, ampenda mno." Saif aliuchukua ukurasa wa kwanza, wa pili akauacha juu ya meza. Aidarus aliuona, akaufungia mtotoni pamoja na daftari.

Wote wawili walidhani karatasi itajisemea yenyewe mahakamani. Kumbe sivyo. Karatasi zilipotolewa, wakili wa Lamis, bibi mmoja aitwaye Nasipwondi, alizipinga papo hapo. Hakimu akauliza zimetoka kwenye mashine gani, na nani aliyezichapisha. Akasema sheria inamtaka huyo atie sahihi hati ya kueleza alivyozipata, kisha aje mwenyewe ajibu maswali. Wiki mbili baadaye Aidarus akaitwa.

"Sema Lamis alisahau kuifunga barua pepe yake pale dukani," Saif alimnong'oneza ukumbini. "Neno moja tu, ami."

Hakimu alianza kwa kumuuliza Lamis kama alimpa mtu yeyote ruhusa ya kuzisoma barua zake. Lamis alitikisa kichwa. Alikuwa amekonda.

"Sikumpa mtu," alisema. "Lakini huenda niliisahau wazi dukani kwa ami. Nimefikiri usiku na mchana. Huenda kosa ni langu."

Aidarus alitamani ardhi ipasuke aingie. Wiki mbili nzima binti wa watu alikuwa akijilaumu, na uwongo aliofundishwa yeye, Lamis mwenyewe alikuwa amekwisha kumtandikia. Alilobakiza lilikuwa kuitikia, na Fairuz angehamia kwa babake. Akaushika msahafu, akaapa. Nasipwondi akamuuliza alizipataje.

"Hakusahau kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Paswadi yake niliiandika mimi daftarini, aliponiamini. Nikaingia kama mwizi. Tena kuna ukurasa wa pili, nao tuliuficha."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema si kila ushahidi uliopatikana vibaya hutupwa. Katiba inamtaka apime kwanza. "Lakini hizi zimepatikana kwa kuvunja siri ya mama huyu, tena zimeletwa vipande. Nikizipokea, kesi hii haitakuwa ya haki. Ziondolewe."

Zikaondolewa. Mwezi uliofuata ikaamuliwa kwamba Fairuz abaki na mamake, na Saif awe naye kila Jumamosi. Aidarus alilichana daftari ukurasa kwa ukurasa, lakini habari ilikuwa imeshazunguka vichochoro vyote. Watu waliendelea kumwamkia kwa adabu, na adabu ile ilimuuma kuliko matusi. Walileta vitambulisho vya kutolewa nakala, wakasimama kumtazama mpaka wamerudishiwa.

Asubuhi moja Lamis akaingia.

"Shikamoo, ami."

"Mwanangu, niwia radhi," alisema.

"Nataka kubadilisha paswadi. Sijui inavyofanywa. Nionyesha."

Akamvutia kiti, akamfungulia pale panapobadilishwa. "Hapa ndipo pa kuandika mpya," alisema, akiwa bado ameinama begani kwake kama alivyozoea.

Lamis hakugusa kitu. "Geuka, ami."

Mzee aligeuka. Alisimama katika duka lake mwenyewe ameipa mgongo kompyuta yake mwenyewe, uso umeelekea njiani, na majirani wakipita wanamwona. Aliona haya mpaka akafumba macho. Nyuma yake alisikia vitufe vikibonyezwa polepole, kwa kidole kimoja. Safari hii neno halikuwa jina la mtoto. Lilikuwa refu zaidi. Vilipotulia, akataka kugeuka.

"Bado, ami," alisema Lamis. "Yataka niandike mara ya pili."