Hema la Waheshimiwa na Hema la Viongozi

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti hapa Ukunda, na kama kuna jambo linaloniudhi, ni mtu kunipa karatasi niibandike bila kunieleza maana yake. Nina ulimi wa kuuliza. Marehemu mama alikuwa akisema ulimi huo utanitia matatani, na kweli umeshanitia mara nyingi tu.

Mwaka jana niliitwa kupeleka mahema upande wa Kinango, kijiji kile kile alikoolewa shangazi yangu. Mheshimiwa alikuwa anakuja kuzindua mfereji wa maji, ule wa kufungua kwa koki. Bwana wa itifaki, jasho linamtiririka na shati amelichomeka vizuri, akanikabidhi karatasi mbili za herufi kubwa. WAHESHIMIWA lilikuwa hema la mbele, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. VIONGOZI lilikuwa hema la ubavuni, viti vitupu.

"Samahani bwana," nikamwuliza, "tofauti yao ni ipi?"

"Tofauti ya nani?"

"Ya mheshimiwa na kiongozi. Mimi nilidhani ni mtu mmoja."

Akashusha pumzi. "Mheshimiwa ni aliyepigiwa kura, dada. Viongozi ni hawa wengine wa huku chini. Bandika tu."

Nikabandika, lakini jambo lenyewe halikunitoka kichwani. Dereva wangu aliniambia mheshimiwa ni mwenye gari la vioo vyeusi. Mama aliyekuwa akikoroga sufuria la pilau akasema mheshimiwa ndiye anayepakuliwa kwanza. Haya, na kiongozi je? Wote wawili wakasita. Lo! Neno wanalitaja kila siku, na hakuna aliyeweza kuniambia ni la mtu wa namna gani.

Nikapita kwa shangazi kumsalimia. Yeye ndiye anayeshika ufunguo wa tangi la kijiji, ni miaka sasa, na hakuna aliyempigia kura. Bomba linaloleta maji kwenye tangi hilo lilikuwa limekauka miezi minne. Wanawake walikuwa wakiteka kwenye silanga, lile bwawa la udongo wanamonywea ng'ombe, na watoto wawili wa jirani walikuwa wamelazwa kwa kuhara. Huo mfereji wa kuzinduliwa ulikuwa umeungwa kwenye tangi lile lile kavu. Asubuhi hiyo lori lilikuja likalijaza nusu, ili mheshimiwa akifungua, maji yatoke.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Leo nina swali moja tu. Nataka nimwulize mbele ya watu, bomba litarudi lini."

"Basi njoo ukae hema la viongozi, uitwe kusema."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi na viongozi wapi na wapi?" Akaenda kukaa juani na wenzake, juu ya mitungi yao ya plastiki.

Mheshimiwa alifika baada ya adhuhuri, na watu wake walikuwa wengi hata wakajaza mahema yote mawili. Mzee wa kijiji akainuka kumpisha kijana mwenye miwani ya jua. Nilikasirika, wallahi, maana viti ni vyangu. Zikaja hotuba, kila mtu akatambuliwa, akasimama, akapunga mkono. Shangazi naye aliinua mkono mara tatu, mshereheshaji akatazama kwingine. Nikaona siku inakwisha bila swali lake kuulizwa.

Kisha wakaenda kwenye mfereji, mheshimiwa akazungusha koki, hakikutoka kitu. Koki kubwa ya tangi ilikuwa na kufuli.

"Ufunguo uko kwa nani?"

Shangazi akainuka, akapangusa kanga yake, akaenda pole pole huku amefumbata ufunguo mkononi.

"Karibu sana, mheshimiwa. Bomba litarudi lini?"

"Tunalishughulikia, mama."

"Lini?"

"Hivi karibuni."

Akamnyooshea ufunguo. "Basi kaa nao wewe. Kesho alfajiri wenye mitungi nitawaambia waje kwako."

Lakini mheshimiwa si mjinga. Aliupokea ufunguo, akauinua juu wapiga picha wauone, akachukua maikrofoni. "Mnamwona mama huyu? Huyu ndiye kiongozi hasa! Ufunguo huu siwezi kuuchukua, ni wake!" Akamrudishia, akamfumba vidole kwa mikono yake miwili.

Vigelegele vilipigwa hivyo! Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na mpaka leo naona haya. Bwana wa itifaki mwenyewe alimletea shangazi kiti chenye kitambaa cheupe. Nikamfuata nikitabasamu, nikidhani nitamkuta amefurahi.

"Nimeuliza lini," akaniambia, "nimepewa cheo."

Nilibaki kwake nimsaidie kidogo. Yale maji ya lori yalikwisha siku ya pili, ingawa aliwagawia mtungi mmoja mmoja kila nyumba. Alfajiri ya siku ya tatu tuliamshwa na kelele uani. Nikachungulia dirishani, nikaona wanawake kama ishirini na mitungi mitupu, mmoja amebeba mtoto aliyelegea begani.

"Toka! Si umeitwa kiongozi wewe? Maji yako wapi?"

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kuwapigia kelele waende kwa mheshimiwa, ndiye mwenye kujibu. Kisha nikajiuliza waende wapi, maana hata mimi niliyempangia viti sikujua anakaa wapi. Nyumba waliyoijua ni hii.

"Shangazi, usitoke," nikamnong'oneza. "Watakutukana, na huna la kuwaambia."

"Sina," akasema. Alikuwa ameshajifunga kanga. Akaondoa komeo, akatoka.