Taa Iangalie Chini

Jirani yangu Mama Pacha anasema yule bwana taa wa halmashauri hushikwa na kizunguzungu akitazama juu, ndiyo maana taa kubwa ya ghala haijawahi kumsumbua. Mimi naona anatazama juu vizuri tu, ilimradi balbu iwe ya maskini. Kila jioni hupita na fimbo yake, husimama mlangoni kwa mtu, hukohoa kidogo, kisha huigusa balbu kwa ncha ya fimbo kama anayeamsha mgonjwa. "Sheria mpya, mama. Taa ya nje iangalie chini." Hapo hugeuza kiganja polepole kuelekea ardhini. Sauti yake ni ya mtu anayeomba maji ya kunywa. Fundi cherehani tayari ameifunika yake kwa kopo la rangi. Lakini bwana taa akifika mbele ya ghala, ambalo taa yake inatumulika hadi vitandani, huinama kufunga kamba za viatu. Na viatu vyenyewe havina kamba.

Jana alifikia kabalbu kangu ka mlangoni. Nilikuwa nimembeba mwanangu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ukali wote kwangu," nikamwambia, "kule ghalani unakuwa mkwe?" Aliomba kuingia, akaenda moja kwa moja dirishani, ambapo nilikuwa nimegongomea blanketi juu ya shuka kuzuia taa ya ghala. Akalipapasa pembe kwa pembe, akitafuta mwanga unapopenya. Hakuupata.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "kesho unaweza kupita nyumbani umwonyeshe mke wangu ulivyogongomea? Ile taa inafika mpaka kwetu. Watoto hawalali."