Kingamwili Haijafa

Kichupa kilikuja Bariadi na basi la Mwanza, ndani ya boksi la barafu. Basi liliharibika Lamadi, na mpaka linaingia stendi barafu ilishakuwa maji. Nilikipokea mwenyewe. Nilipokishika kilikuwa bado na ubaridi, ubaridi wa maji ya mtungini. Nikakipeleka maabara, nikakitia kwenye friji, nikaendelea na kazi bila wasiwasi.

Ndani yake mlikuwa na kingamwili, kimiminika kisichojaza kijiko cha chai. Kazi yake ni moja: kukitafuta kipokezi cha estrojeni, protini inayokaa ndani ya kiini cha seli ikiisubiri homoni. Ikikipata inakishikilia, na sisi tukiweka rangi, kiini kinakuwa cha kahawia. Uvimbe wa titi wenye viini vya namna hiyo mara nyingi hulishwa na homoni, na mwenye nao anaweza kusaidiwa kwa vidonge. Utafiti wetu ulitaka kujua kama kipimo hicho kinaweza kufanyika hapa kwetu Simiyu, sampuli zisiwe zinasafirishwa kila mara. Nami, mzaliwa wa Ngulyati niliyesomea maabara, ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupaka rangi.

Slaidi za kwanza zilitoka tupu. Nikarudia. Tupu tena, za kinamama wote, hakuna hata kiini kimoja chenye rangi.

Daktari aliyeongoza utafiti alikuja kutoka Mwanza akaziangalia kwenye hadubini moja baada ya nyingine. Ni mtu mpole, hapendi kulaumu.

"Mdogo wangu, hii kingamwili imekufa. Joto la njiani limeiua. Tufunge, kazi tuihamishie Mwanza."

"Dokta, haijafa," nikamwambia. "Nadhani tatizo ni nyama zenyewe. Niachie nijaribu kitu kimoja."

"Utajuaje, wakati kila slaidi ni tupu?"

"Nitaijaribu kwenye nyama ambayo nimeihifadhi kwa mikono yangu."

Nilikuwa nimeshaziona sampuli zinavyofika. Pande zima la uvimbe limesokomezwa kwenye kichupa kidogo, fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, imefunika juu tu. Nimekulia kwenye nyumba inayoanika michembe. Kiazi hukatwa vipande vyembamba ndipo kianikwe. Ukikianika kizima, nje kitakauka, ndani kitaoza. Nyama nayo ni hivyo hivyo. Fomalini isipofika katikati mapema, kipokezi kinaharibika, na kingamwili haina cha kushika.

Kizazi kina vipokezi vya estrojeni vingi, na cha ng'ombe katika jambo hili hakipishani sana na cha binadamu. Asubuhi nikaenda machinjioni. Mchinjaji ni mzee Mwislamu mwenye bucha karibu na soko, mtu anayejua wateja wake wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo maini yapo."

"Leo nataka kizazi. Cha ng'ombe jike, kibichi, sasa hivi."

Akaweka kisu chini. "Mganga gani amekutuma?"

Watu waliokuwa wakisubiri nyama wakageuka. Nikacheka, maana ningeona aibu wangeamini kweli. "Mzee, mimi natoka maabara ya hospitali. Nataka kupima dawa inayotusaidia kuchunguza matiti ya kinamama."

"Kwa kizazi cha ng'ombe?"

"Njoo uone mwenyewe ikiwa tayari."

"Nitakuja," akasema, na nikaona hatanii. Akanikatia.

Maabara nilikata kipande chembamba kama ukucha, nikakitia kwenye chombo chenye fomalini tele. Pande lililobaki nikalishindilia kwenye kichupa kidogo, kama sampuli zinazotoka wodini. Baada ya siku chache nikavitoa vyote viwili, nikavigandisha kwenye nta na kuvikata. Kwa pande kubwa nilichukua katikati yake. Slaidi nikazichemsha pamoja kwenye sufuria moja ili joto livifichue vipokezi, nikaziwekea kingamwili kutoka kichupa kile kile.

Kipande chembamba kilijaa viini vya kahawia, vimesongamana kama mtama juu ya mkeka. Katikati ya pande kubwa hakukuwa na kitu.

Nilipiga kelele ya furaha mpaka mwenzangu wa chumba cha damu akaja kuuliza kuna nini. Nikampigia daktari simu. Akasema, "Nakuja. Usitupe slaidi hata moja."

Mchinjaji naye alikuja Ijumaa baada ya sala, amevaa kanzu safi. Akainama kwenye hadubini, nikamwonyesha. Alitazama kwa muda mrefu. "Subhanallah," akasema. "Nimechinja maisha yangu yote, sijawahi kuona ndani kiasi hiki."

Daktari hakuhamisha kazi. Alinituma kwenye vyumba vya upasuaji, hadi Lagangabilili, kuwaonyesha wauguzi namna ya kukata nyama nyembamba na kuijazia fomalini. Sampuli zilizofuata zilianza kutupa majibu.

Katika hizo kulikuwa na ya mama mmoja wa Bukundi, huko Meatu, mfugaji. Slaidi yake ilijaa viini vya kahawia. Lakini kichupa chetu kiliandikwa kuwa ni cha utafiti pekee, hakiruhusiwi kuamua tiba. Kwa hiyo daktari akapeleka kipande kingine hospitali ya kanda kithibitishwe, na jibu likarudi lile lile.

Siku mama huyo alipokuja kusikiliza majibu nilikuwepo, nikitafsiri Kisukuma pale daktari alipokwama.

"Ng'wadila mayu," nikamsalimu.

Akaitikia, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha mnadani, "Vidonge tu? Sikatwi tena?"

"Uvimbe ulishatolewa wote, mama," daktari akasema. "Sasa ni vidonge, kila siku, kwa miaka. Na kuja kuangaliwa."

"Kila siku naweza. Ng'ombe nawakamua kila siku."

Akacheka, nasi tukacheka naye. Nikamsindikiza hadi dirisha la dawa, nikamweleza tena kwa Kisukuma jinsi ya kumeza. Akanirudishia maelezo yote bila kukosea, akavifunga vidonge kwenye pindo la khanga, akaondoka kuwahi gari la Meatu.