Niliposema Nina Mshipa, Wembe Ukaenda Kwingine

Wakuu wa ukurasa huu, salamu.

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole. Lakini haya ni ya kweli, yalinipata mimi mwenyewe.

Nilizaliwa na mishipa ya damu iliyojikunja kwenye mguu wa kushoto, chini ya goti. Imevimba, rangi ya zambarau, na ukiigusa ina joto. Tangu nitoke shule sijavaa kaptula.

Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli karibu na maduka ya Adams Arcade. Siku moja pedeli ilinigonga hapo, damu ikaruka kama maji ya bomba. Shangazi yangu wa mtaa wa Woodley akanifunga leso, tukaenda hospitali mjini. Daktari akasema nikigongwa tena naweza kufa. Lazima nipasuliwe.

Asubuhi ya kupasuliwa akaja mhudumu na wembe. Mimi bado nilikuwa na suruali, sikutaka wodi ione mguu.

"Yule wa mshipa ni nani?"

Nikainua mkono.

"Vua. Usiogope, wanaume wengi wanao."

Akaanza kupaka sabuni kwenye kinena. Mnajua wenyewe, watu wengi wakisema mshipa ni ngiri, ule wa huko.

Nikamwacha anyoe. Mzee wa kitanda cha pili, mtu wa mtaa wa Mountain View, akacheka. "Kijana, leo unaoa?"

Nikawaza: nikishalazwa kwa dawa ya usingizi watakata hapa, na mguu utabaki vilevile. Nikamwambia mhudumu, "Ndugu, wangu uko mguuni."

"Na mbona umeniacha ninyoe?"

"Nilidhani mishipa yote inaanzia huko."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Mhudumu akamgeukia yule mzee. "Kumbe mwenye mshipa ni wewe, bwana harusi!"

Basi nikapasuliwa mguu. Daktari alifunga ile mishipa mikubwa inayoleta damu, mingine akaiacha, maana kuitoa yote kungeharibu mguu. Sasa nafunga bandeji ya kuvutika kila siku, na kazi naendelea.

Nilichojifunza: ukiugua usitaje jina tu, onyesha kwa kidole.

Lakini wiki hii nimeona uvimbe mwingine karibu na kifundo. Unapiga kama moyo. Shangazi sijamwambia. Kuwaambia ninyi ni rahisi, hakuna anayenitazama.

Wewe mwenye mishipa kama hii, mguuni au mkononi, tafadhali niandikie. Yako ilirudi? Na ulimwambia nani kwanza?