Barua ya Mama Mhabeshi

Wiki iliyopita tulimzika Mama Mhabeshi hapa Chanji, na upepo wetu wa Ufipa ukatujaza vumbi machoni, nasi wazee tukapata cha kusingizia machozi. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua sipendi kuandika nikiwa na uchungu. Leo sina namna. Alifika Sumbawanga enzi za Ujamaa pamoja na mumewe, fundi magari, wakikimbia vurugu za kwao Ethiopia. Malaria ikamchukua mume kabla binti yao hajaanza kutembea. Mama wa watu akabaki mjane ugenini, asiyejua kusoma, kwa sababu kwao aliozwa akiwa na miaka kumi na miwili na shule aliiona kwa nje tu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Akina mama walikuja jioni wakitoka kupalilia ulezi, naye alikaa mbele kabisa, mtoto mgongoni, na kikapu cha mikate yake michachu ya ulezi, ambayo wenzake waliicheka mwanzoni na kuigombania baadaye. Siku ya kwanza tu alinieleza haja yake. "Mwalimu, mama yangu yu hai. Siku akiniandikia, sitaki kusomewa na mtu." Alijifunza kama anayefukuzwa. Mwaka haukuisha akawa anasoma gazeti.

Kisha barua ikaja. Aliileta darasani haijafunguliwa, akasoma jina lake juu ya bahasha kwa sauti, na vigelegele vikapigwa. Akaifungua, akaigeuza juu chini. Ndani mlikuwa na maandishi ya Kihabeshi, alama ambazo mimi mwalimu sikuwahi kuziona. "Haya niliyaona kanisani kwetu," akasema polepole. "Nilidhani ni ya mapadri tu. Mwalimu, mbona haya hukunifundisha?" Mama mmoja wa Kifipa akamshika bega. "Pole we, dada. Atapatikana wa kukusomea." Nami, kwa aibu, nikaahidi kwamba nikienda Dar es Salaam kwenye kozi nitamtafuta Mhabeshi mwenzake.

Nilikwenda. Barua ilikaa sandukuni chini ya mashati yangu wiki zote nne. Kulikuwa na semina, kulikuwa na ndugu wa kutembelea, kulikuwa na kitenge cha mke wangu cha kutafuta. Niliporudi nikamwambia, "Mama, sikumpata mtu." Akaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante kwa kuhangaika, Mwalimu." Hakuniuliza tena maisha yake yote, na sikupata ujasiri wa kumwambia ukweli. Binti alipomaliza darasa la saba, wakaja watu na posa. Aliwapa chakula, wakala wakashiba, ndipo akawaambia, "Mimi niliozwa nikiwa mtoto. Huyu atasoma." Leo binti huyo ni muuguzi Namanyere, na wanawake wangapi amewazalisha sijui.

Baada ya mazishi alinijia. "Shikamoo, Mwalimu. Mama aliitunza hii ndani ya Biblia." Safari hii sikuiweka sandukuni. Nilipanda basi hadi Mbeya, nikampata kijana wa Kihabeshi mwenye duka, akaisoma chai yangu ikiwa bado ya moto. "Mwanangu," bibi yule aliandika, "barua hii hakuniandikia mtu, ila bahasha tu. Mwaka huu nasi wazee tumefundishwa kusoma, na huu ni mkono wangu mwenyewe. Kama nawe umejifunza huko uliko, niandikie kwa mkono wako, hata kama ni kwa maandishi ya huko. Nitatafuta wa kunisomea."

Ndugu msomaji, ukikabidhiwa haja ya mtu usiipime kwa uzito wake mkononi mwako. Kwangu ilikuwa karatasi moja chini ya mashati. Mama Mhabeshi alijua kuandika. Kule Ethiopia kulikuwa na mama aliyengoja jibu mpaka akafa, na mtu aliyemnyima jibu hilo ni mimi, mwalimu.