Mwaliko wa Chai na Mfereji wa Bondeni

Chama chetu cha wakaaji kilikaa miezi mitatu bila mtu wa kuandika. Katibu wa kwanza, karani wa posta, alikuwa amehamishiwa Eldoret, na daftari la chama likabaki kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa seremala, mzee mpole aliyewahi kupigana vita huko Burma, naye hakuona kazi nyingine ya daftari lile isipokuwa kusawazisha mguu wa meza yake ya randa.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Hatukuweza kukutana bila karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya serikali, na hata tukiwa nayo, askari mmoja alikaa mlangoni mpaka tumalize. Mikutano ilifanyika Jumapili baada ya kanisa, katika jumba la lokesheni, mtaa wetu wa Waafrika. Wanaume walikaa ndani kwenye mabenchi. Sisi wanawake tulisimama nje kwenye dirisha, na kusikia tulichoweza kusikia. Hakuna aliyetukataza kuingia. Hakuna aliyetukaribisha pia.

Jumapili moja mwenyekiti aliuliza, "Nani hapa anajua kuandika vizuri?"

Wanaume walitazamana. Waliojua kuandika walikuwapo, lakini siku zile hakuna aliyetamani jina lake liende ofisini chini ya barua ya malalamiko. Sikuwalaumu, na leo siwalaumu.

"Mimi najua," nikasema dirishani.

"Nani huyo?"

"Ni mke wangu," mume wangu akajibu kutoka benchi la nyuma. Alikuwa akifanya kazi kwenye kinu cha unga, na hata Jumapili masikio yake yalikuwa meupe.

"Anajua Kizungu?"

"Muulize mwenyewe, mzee. Si huyo hapo?"

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikulia Rongai, katika shamba la mzungu ambaye baba yangu alimkamulia ng'ombe, na mwalimu wa shule ya pale alitufundisha kuandika barua kabla hatujajua vizuri kuhesabu. Nilizunguka nikaingia kwa mlango, nikampita askari, nikaketi mbele. Nilijua ninaloweza, na nilijua barua ya kwanza nitakayoandika itahusu nini.

Itahusu mfereji. Upande wetu wa Bondeni tulikuwa na mfereji mmoja wa maji ya bomba kwa safu nne za nyumba. Askari wa manispaa aliufungua alfajiri, akaufunga kwa kufuli saa mbili asubuhi, akarudi kuufungua saa kumi jioni. Katikati hapo, ukiishiwa, umeishiwa. Miezi ya kiangazi upepo ulileta vumbi jeupe kutoka ziwani, likaingia machoni, kwenye unga na kwenye nguo zilizoanikwa, na vumbi halikungoja saa kumi.

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amezaliwa saa sita mchana. Jirani yangu wa mlango wa mbele alikuwa mkunga, mama mnene mwenye mikono midogo ajabu, na ndiye aliyenizalisha. Alipomaliza alitikisa birika, akanitazama.

"Yamebaki haya tu," alisema. "Nikuoshe wewe ama nimuoshe mtoto?"

"Mtoto."

Akamuosha mtoto. Mimi nikalala vile vile mpaka saa kumi, nikisikiliza nje kama kufuli itafunguliwa. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya aina ile inayomtuliza mtu, na sikuwahi kuisahau.

Basi nikafanywa katibu, nikaandika. Barua ya kwanza ilikuwa ya adabu, ya pili ya adabu zaidi, na ya tatu fupi. Tuliomba mfereji wa pili, na ule wa kwanza uachwe wazi mchana kutwa. Jibu lilikuja mara moja tu, mstari mmoja: jambo letu linaangaliwa. Mwenyekiti alilisoma mara mbili akatabasamu.

"Angalau wameangalia," akasema.

"Mzee, wameangalia karatasi," nikamwambia. "Hawajauangalia mfereji."

Wazo la chai lilinijia nikiwa kwenye foleni ya maji, karai kichwani. Kwa nini tusimwite ofisa mwenyewe, yule mzungu wa manispaa aliyesimamia lokesheni yetu, aje kama mgeni? Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Tumkaribishe chai.

Nilipolitoa katika kamati, mwenyekiti aliweka kofia yake mezani taratibu. "Saa nne mfereji umefungwa."

"Ndiyo, mzee."

"Binti yangu, unataka tumdanganye ofisa wa serikali? Wakati huu?"

"Hatumdanganyi. Siku hiyo tutaamka kama siku zote, tutateka kama siku zote, tutatumia kama siku zote. Kitakachobaki saa nne ndicho atakachokunywa."

Mkunga, ambaye sasa alikuwa akiingia mikutanoni kwa sababu mimi niliingia, alicheka mpaka benchi likalia. Wanaume wawili walisema tutafungwa. Mume wangu aliinua mkono. "Watu hawafungwi kwa kualika mtu chai," akasema. Sijui kama aliamini maneno yake, lakini aliyasema wazi, na wengine wakafuata.

Nikaandika mwaliko kwa Kizungu changu kizuri kuliko vyote. Kwa mshangao wetu, jibu lilikuja siku ya tatu. Atafurahi kuja.

Lakini hofu ilimshika mwenyekiti. Asubuhi ya siku ile alimwambia mke wake ateke debe moja la ziada na kulificha chini ya kitanda, ili mzungu akifika chai iwe tayari na tusiaibike. Hakuniambia. Nilikuja kujua baadaye, na wakati huo nilikuwa nimekwisha kumsamehe.

Saa tatu hivi, mke wa fundi viatu aliyeishi nyuma ya jumba alishikwa na uchungu. Mkunga aliitwa mbio akiwa katikati ya kupanga vikombe. Alipofika hakukuta maji hata tone. Akapita nyumba kwa nyumba, na kila mlango ulimjibu hivyo hivyo, kwa kuwa tulikuwa tumetumia kama siku zote. Mke wa mwenyekiti alisimama mlangoni kwake, akasita, kisha akarudi ndani akalivuta lile debe kutoka chini ya kitanda.

"Chukua," akasema. "Mzee nitamweleza mwenyewe."

Saa nne kamili ofisa alifika jumbani, mrefu, kofia mkononi, shingo nyekundu kwa jua. Alikuwa anaongea Kiswahili cha shambani kama walivyoongea wengi wao. Tulimpa kiti chenye mikono ambacho mwenyekiti alikitengeneza mwenyewe kwa mbao za mvinje. Vikombe vilikuwa mezani, na sukari, na maziwa yaliyoletwa asubuhi na mapema kutoka Dundori. Mwenyekiti alitoa hotuba ya kumkaribisha, akaniinamia.

"Dakika moja, katibu, nalileta birika," akaninong'oneza, akatoka kwa haraka akielekea nyumbani kwake. Sikuelewa.

Tulikaa. Ofisa alitazama vikombe, akatazama saa yake. Mwenyekiti alirudi mikono mitupu, uso umembadilika.

"Chai iko wapi?" ofisa akauliza, si kwa ubaya.

Mwenyekiti akanigeukia. Basi nikasimama mimi. "Bwana, hatuna maji. Mfereji ulifungwa saa mbili. Tuliyoteka yamekwisha."

"Kwa nini hapana weka kidogo ya mgeni?"

Kabla sijajibu tulisikia mtoto mchanga akilia, karibu sana, nyuma ya ukuta. Halikuwa jambo tulilopanga. Kilio kiliendelea, kikali, cha mtoto mwenye afya. Halafu mkunga akaingia, mikono yake bado mibichi, akaenda moja kwa moja mbele ya kiti kile cha mvinje.

"Yaliwekwa, bwana," akasema. "Kulikuwa na debe moja la chai yako. Nimemuogesha mtoto. Mama yake bado sijamuosha."

Askari wa mlangoni aliangalia viatu vyake. Ofisa alimtazama mkunga, akainuka na kuvaa kofia.

"Onyesha mimi mfereji," akasema.

Tulitoka wote, na njiani wanawake waliochungulia milangoni walichukua madebe yao wakatufuata. Askari mwenye ufunguo alitafutwa, akapatikana akinywa uji kibandani, akafungua kufuli bila hata kufuta mdomo. Maji yalitoka membamba kama kamba ya kiatu. Ofisa alitoa saa yake mfukoni, akasimama juani akipima debe moja linajaa kwa muda gani. Lilipojaa alihesabu foleni kwa kidole, midomo ikicheza, na nikaona ameanza kufanya hesabu ile ambayo sisi tuliijua kwa migongo yetu.

Debe la kwanza lilienda kwa mama mzazi. Wa pili kwenye foleni alikuwa mke wa mwenyekiti, naye akasema yake ni ya chai ya mgeni. Ofisa alitaka kukataa. Mkunga akamwambia amealikwa, na aliyealikwa hakatai.

Alikunywa chai yake saa sita kasorobo, amesimama, kikombe kimoja. Kabla ya kuondoka alinigeukia. "Barua naandika wewe?"

"Ndiyo, bwana. Zote tatu."

"Mimi nasoma moja tu."

"Zile mbili ziko katika ofisi yako."

Alinikazia macho. Nami sikuyaondoa yangu. Sikuwa na sababu ya kuyaondoa.

Juma lililofuata mwenyekiti aliitwa, si na ofisa yule, bali na mkubwa mwingine tusiyemjua. Alikaa huko tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi na mume wangu tulimngoja karakanani kwake, tukikanyaga maranda. Aliporudi aliketi, akaomba maji, akanywa yote.

"Wamefuta ruhusa yetu ya mikutano," akasema. "Walitaka kujua nani alitoa wazo la kumwaibisha ofisa."

"Ukawaambia nini, mzee?"

"Nikawaambia ni langu. Mimi ni mwenyekiti, nani mwingine?"

Mtu niliyemdhania mwoga alikuwa ameketi pale na kofia yake magotini, ameshika kosa langu kana kwamba ni randa yake. Nikamshika mkono. Akaniambia nisilie, nifikirie njia ya kukutana.

Njia ilipatikana kwa urahisi. Kukutana bila ruhusa kulikatazwa, lakini manispaa ilikuwa ikitusihi siku zote tusafishe mitaro. Basi kila Jumamosi kamati ilitoka na mafagio na majembe. Tulizungumza tumeinama, mmoja upande huu wa mtaro na mwingine upande ule, na askari akapita akitusifu kwa usafi. Sijawahi kuona mitaro safi kama ya miezi ile, wala mikutano mifupi kama ile, maana mgongo ukiuma mtu hana hotuba.

Masika ilikuwa imekwisha walipokuja vibarua wa manispaa na mabomba. Hakuna barua iliyotangulia. Walichimba siku sita, na ofisa mwenyewe alikuja mara moja, akasimama mbali, akaangalia, akaenda zake. Mfereji wa pili ukawekwa mwisho wa safu ya nne, bomba la ule wa kwanza likabadilishwa kwa nene zaidi, na kufuli ikaondolewa. Ruhusa yetu ya mikutano tulirudishiwa baadaye kidogo, kwa karatasi isiyo na maelezo.

Siku ya kwanza ya maji ya mchana, wanawake walikuja saa sita hata wasiohitaji. Walifua mablanketi. Walifua mapazia. Mke wa fundi viatu alimleta mtoto wake mgongoni, na kila mtu alidai kumshika yule aliyeoga chai ya ofisa, kama tulivyomwita. Mimi niliteka debe moja nikajimwagia miguuni pale pale, viatu na vyote.

Mkutano uliofuata ulifanyika ndani ya jumba, na hakukuwa na mwanamke dirishani. Wote walikuwa wameketi, na wanaume waliochelewa ndio waliosimama. Mwenyekiti aliuliza nani ana jambo. Mkunga aliinuka kabla hajamaliza kuuliza. Alitaka chumba cha kuzalia, hapo hapo Bondeni, chenye kitanda, mlango unaofungika na dirisha linaloelekea mbali na barabara.

"Tuandike leo," akasema.

Ulipovunjwa mkutano tulienda watano karakanani, tukasukuma maranda kando, nikakunjua karatasi. Mkunga alinitajia maneno akitembea huku na huku, ya kitanda, ya mlango, ya dirisha, haraka haraka, mpaka nikainua kalamu na kumwomba aketi chini, aanze upya, mstari kwa mstari.